Safu ya Mlangoni

Mafundi wa mjini mimi siwapendi. Wanakuja na maneno mengi, wanakunywa chai yako, wanakuachia ufa. Basi siku Fundi Twalibu wa Kanyenye, kule mjini, aliposhuka kwenye gari la kijiji, kanzu nyeupe pee, nikasema moyoni: haya Josepha, tumekwisha.

Na kweli tulikuwa pabaya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa kwetu, tumehamia kijiji kipya ng'ambo ya Cheyo, na sisi akina mama tumepewa nyumba ya kuchujia asali. Vigae chini, vigae ukutani, ukiingia unajiona upo hospitali. Tatizo ni ile saruji iliyojazwa katikati ya kigae na kigae. Ilikuwa inaliwa na asali. Msicheke! Asali ina ukali wake. Imwagike kila siku, uioshe kwa maji ya moto, saruji inageuka unga, asali inazama chini, inachacha, na sisimizi wanahamia na ukoo mzima. Bwana Afya, kijana mmoja anaitwa Anselm, alichokonoa sakafu kwa ufunguo akatikisa kichwa. "Nikirudi Jumamosi nikakuta hivi, nafunga." Nami nilikuwa mjane. Nyumba ile ikifungwa narudi kwa shemeji zangu kuvuna tumbaku yao na kula kwa kuhesabiwa tonge.

Twalibu alikwangua saruji yote ya zamani kwa siku mbili, kisha akafungua makopo mawili. "Hii inaitwa epoksi," akasema. "Kopo hili gundi, hili dawa ya kuikazia. Zikiwa mbali zimelala. Zikikutana zinageuka jiwe, na jiwe hilo asali hailiwezi." Alikuwa na majivuno huyo mzee, weee! Akachanganya ndoo ya kwanza, akaiacha kivulini, akatoka mara moja kuswali adhuhuri.

Sasa, mwenyekiti wetu Mahona akachungulia ndoo, akaona gundi nzito. Mtu wa asali akiona kitu kizito anajua dawa yake moja tu: anakianika juani kilegee. Akaibeba ndoo mpaka uani, amefurahi kabisa. Fundi aliporudi, ndoo inafuka moshi na mwiko umesimama ndani, hautoki.

"Mzee, umenipikia!" Twalibu alimpigia kelele Mahona. "Jua ndilo linaloikimbiza igande!" Nilidhani atapanda gari arudi kwao, na ningekuwa mimi ningerudi. Badala yake akaketi kwenye kizingiti, anatutazama sisi akina mama mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Nyinyi mkilima shamba la mwenzenu, mnalimaje?"

"Kwa mstari," nikamjibu. "Mmoja anaimba, jembe linafuata wimbo. Kwani wewe hujui?"

"Haya, piga mstari."

Basi tulifanya kazi ambayo sijaiona tena maishani. Yeye alichanganya kidogo kidogo kivulini, akaitandaza kwenye sinia isijirundike ikapata moto, kisha akaisukuma kwenye maungio ya vigae kwa ubao wa mpira, akirudi kinyumenyume. Sisi nyuma yake tumepiga magoti bega kwa bega, sponji mkononi, tunafuta kigae kabla hakijashika utando wa gundi. Mimi niliimba. Nikichelewesha wimbo anafoka, "Kaza, dada Josepha, inaganda!" Nikiuharakisha anafoka vilevile. Mistari ilitoka imenyooka, na mimi, niseme ukweli wa Mungu, nilimpenda mzee yule kama ndugu wa tumbo moja. Tulifika mlangoni jua likiwa linateremka, magoti yote yamechubuka.

Jumamosi Bwana Afya akaja. Akamwaga maji ya moto, akachokonoa kwa ufunguo wake ukutani na sakafuni, hakutoa hata chembe. "Ndugu zangu, hapa pamepita," akasema. Moyo wangu ukatua.

"Bado," akasema Twalibu. "Njoo mlangoni."

Akainama, akabonyeza safu ya mwisho kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama. "Dawa ililiwa na ile ndoo iliyoganda, ikaniishia hapa. Gundi haikukazika na haitakazika. Masika haifiki kabla asali haijaingia chini."

Damu ilinipanda. "Fundi, umerogwa? Nani alikuuliza?"

"Dada, mimi nitakuwa Kanyenye. Wewe ndiye utakayeingia hapa kila asubuhi."

Anselm akachuchumaa, akaijaribu ile alama kwa ufunguo wake. "Ningepitisha," akasema, "halafu masika ningekuta pameoza, na ningefunga moja kwa moja." Akanigeukia mimi. "Zibeni mlango huu, mpite wa nyuma mpaka fundi apate dawa nyingine. Kwingine kote fanyeni kazi."

"Tuanze lini?"

"Leo, mama. Asali si ipo?"

Wenzangu wakapiga vigelegele, Mahona akakimbilia mapipa. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, nikageuka kumtafuta Twalibu nimwombe radhi na kumshukuru. Alikuwa ameshapiga magoti mlangoni, patasi mkononi, anaibomoa safu yake mwenyewe.