Pancha na Breki Tu

Kibao cha karakana ya Ndambiri pale Karurumo kilisema PANCHA NA BREKI TU. Aliyekiandika ni mkewe, Virginia, baada ya cheni ya pikipiki kumla mumewe vidole viwili vya mkono wa kushoto. Aliandika kwa huruma. Lakini lile neno la mwisho lilimchoma Ndambiri kila asubuhi. Fundi wa injini kuishia kuziba pancha, jamani, si mchezo.

Ndipo akaja Kagwiria, binti wa Meru anayezunguka kwa wafugaji na mbegu za mafahali kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali kupita barafu, wenyewe humwita daktari. Pikipiki yake ilikuwa ikinguruma vibaya. Mafundi wengine walitaka abadilishe injini nzima. Ndambiri alitega sikio tu.

"Beringi ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imekufa," akasema.

"Basi ibadilishe."

"Daktari, kwani hujasoma kibao?"

"Nimesoma. Nimekuja kwa masikio yako, sio vidole."

Siku hiyo hata chai ilimshinda kwa furaha. Injini hii ikitoka salama, yeye ni fundi tena. Ikiharibika, abaki na pancha zake mpaka uzeeni.

Na kesho yake, saa saba, akaiharibu. Haraka ya nini, hata mwenyewe hajui. Alipaswa kulipasha moto ganda la injini kwanza, alumini itanuke, ndipo beringi mpya iingie tunduni. Lakini alitaka kumaliza kabla Virginia hajaja kuchungulia. Akalilaza ganda baridi mezani, akashikilia beringi kwa vidole vitatu, akapiga nyundo. Beringi ikalala upande. Akapiga tena kuinyoosha, ikakwama kabisa. Pigo la tatu lingepasua ganda, na hilo alilijua. Akaweka nyundo chini, akakaa juu ya tairi, machozi yakimlenga. Mtu mzima!

Aliposikia sauti ya Kagwiria nje, akalitupia ganda gunia. Uongo alikuwa nao tayari: duka limetoa saizi isiyofaa.

"Daktari, hiyo beringi, dukani wame..." Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akavuta gunia. "Wacha nisikudanganye. Nimeharibu mimi. Mkono umeshindwa kuishika sawa."

Kagwiria akainama kutazama. "Ganda limepasuka?"

"Bado."

"Sasa unalia nini? Inatolewaje?"

"Ganda lipate moto pande zote sawasawa. Mafuta ya kuchemka ndiyo dawa."

Wote wawili wakageukia nje ya mlango, ambako Virginia alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza kwenye karai.

"Woi, Baba Lennox!" Virginia akapiga kelele. "Haya mafuta ni ya leo!" Lakini alikuwa ameshauona uso wa mumewe. Akaopoa mandazi ya mwisho, akasogea kando.

Ganda likashushwa karaini kwa waya. Lilipotolewa na kugongwa kidogo juu ya ubao, beringi ikadondoka yenyewe. Ndambiri akaipangusa, akaizungusha karibu na sikio. Ilikuwa nzima.

"Shida ni kuirudisha," akasema, sauti ikimpungua. "Nikiishika tena itaenda upande."

"Ganda limetanuka. Na beringi ikinywea kwa baridi je?" Kagwiria akauliza. Akaleta mtungi wake, akamimina naitrojeni kidogo kwenye mkebe mkavu. Moshi mweupe ukafurika mezani, Virginia akaruka nyuma.

Ganda likarudi karaini, beringi ikazama mkebeni. Vilipokuwa tayari, ganda likatolewa na kulazwa mezani, Ndambiri akainyanyua beringi kwa koleo, kwa mkono wa kulia, akailenga juu ya tundu, akaachia.

Tk. Ikakaa. Haikuhitaji nyundo wala vidole vya kuishikilia. Ndambiri akacheka kwa sauti mpaka wateja wa mandazi wakaja kuuliza kuna nini.

"Mandazi yameisha," Virginia akawajibu. "Leo mtakunywa chai kavu."

Jioni ya siku iliyofuata Kagwiria aliondoka na pikipiki yake, injini ikienda kimya. Ndambiri alisimama barabarani akiisikiliza hadi ilipopotelea konani. Alipogeuka, alimkuta mkewe amepanda kwenye stuli, kitambaa chenye petroli mkononi, anafuta lile TU.

"Na injini je, Mama Lennox? Huiandiki?"

"Utaandika mwenyewe," Virginia akasema, akashuka na kumtia brashi ya rangi mkononi, mkono ule wa kushoto.