Sauti Iliyobaki Nyuma

Kombe alipoacha kumwita harusini, Yeslam alidhani kuna mtu amemtia fitina. Yeye alikuwa muuza tende na buni katika duka la marehemu babake, pale Ndia Kuu, lakini waliomjua walimjua zaidi kwa gambusi. Miaka saba Kombe aliimba, naye akapiga, kuanzia Majengo hata Mbaraki. Halafu ikapita harusi moja, ikapita ya pili, na aliyeketi ubavuni mwa Kombe ni mtu mwengine.

Siku moja walitoka msikitini pamoja, akamuuliza waziwazi.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

Kombe akavaa makubadhi yake polepole, kama mtu atafutaye pa kuanzia. "Hujanikosea. Vidole vyako sina neno navyo. Lakini nikiimba nawe, Yeslam, huinuka nikihema. Naona kama nafukuzwa."

"Ina maana mimi nakimbia?"

"Wakimbia, na mwenyewe husikii."

Neno hilo halikumtoka. Atasikiaje, na apigapo masikio yake yote yamo vidoleni? Akalipeleka kwa jirani yake Kamaludin, fundi wa saa, aliyekuwa amenunua mtambo mpya uliotoka Bombay. Ulikuwa kisanduku chenye funguo ya kujaza, pembe ya bati, na mche wa nta ulio wazi katikati kama kikombe kisicho kitako. Ukiimba mbele ya pembe, sindano huichora nta. Ukiurudisha, hukusomea ulichoimba.

"Huu wasema, na pia wasikia," Kamaludin akamwambia. "Kaa nao mwezi huu. Mwezi ujao naupeleka Lamu kwa ndugu yangu."

Ijumaa asubuhi Yeslam akauweka chumbani kwake, ghorofani. Mkewe Alawiya alikuwa mkekani karibu na mlango, akishona kofia, na kwa vile chumba ni chembamba, pembe ilikaa baina yao, nusu imemwelekea yeye. Yeslam akajaza funguo, akapiga wimbo aliokuwa akiupenda Kombe. Alipomaliza akairudisha sindano mwanzo, akainama kusikiliza.

Kwanza alifurahi. Lilikuwa gambusi lake kweli, ingawa lilitoka jembamba, kama limefungiwa ndani ya kopo. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili vidole vilianza haraka. Ulipofika wa tatu, lo! alikuwa akienda mbio kama punda wa maji anayerudi bandani.

Na chini ya mbio zile palikuwa na sauti nyengine. Mwanamke alikuwa akivumisha mahadhi yaleyale, kinywa kimefungwa, taratibu, hana haraka na mtu. Walianza pamoja, yeye na gambusi. Kufika ubeti wa tatu gambusi limeshakwenda zake, na sauti ile imebaki nyuma, mahali pake, kama mtu anayemwambia mwenziwe ngoja.

"Ni nani huyu?"

Sindano ya Alawiya ilisimama kitambaani. "Sikujua kama mtambo wanisikia na mimi. Niwie radhi, Babake Afaf. Nimekuharibia."

Yeslam akairudisha sindano tena, kisha mara ya tatu.

"Wimbo huu umeujua wapi?"

"Babangu alikuwa akiupiga kwetu Siu. Nimekua nausikia."

"Miaka tisa umekaa nami wasikia nakimbia, usiniambie?"

"Hukuniuliza."

Alilisema bila hasira, na ndiyo sababu lilimchoma. Akaufunika mtambo kwa shuka, akateremka dukani. Siku mbili alisema naye yale ya lazima tu. Alijiambia kwamba gambusi ni kazi ya wanaume, na wa kumpima ni wapigaji wenziwe. Lakini kila akipima tende aliisikia sauti ile, imetulia pale alipoiacha.

Siku ya tatu alifunga duka adhuhuri, akamkuta Alawiya uani juu ya mbuzi, akikuna nazi. Akaketi kizingitini.

"Mamake Afaf, nisaidie."

"Nikusaidie nini?"

"Nionyeshe ninapokimbia."

Alawiya akazungusha kifuu mkononi, akafikiri. "Hukimbii ukiwa wapiga. Wakimbia ukiwa hupigi. Mwimbaji akimaliza ubeti hutaka kuvuta pumzi. Wewe kimya kile hukiwezi. Wakijaza vidole, mara umeshaingia ubeti mwengine na mwenzio hajapumua. Ni kama waogopa kitu."

Yeslam akamweleza jambo ambalo hakupata kumweleza mtu. Babake hakutaka kuliona gambusi nyumbani. Yeye alijifunza kwa kuiba, mzee akiwa msikitini, na kila wimbo ilikuwa lazima uishe kabla viatu vyake havijasikika ngazini. Palipokuwa na kimya, palikuwa na viatu.

Alawiya akaiweka nazi kando. "Babako amekufa, Mungu amrehemu," akasema kwa upole. "Hapandi tena ngazi hii. Njoo tuanze."

Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana, walikaa na mtambo. Yeslam hupiga, Alawiya huvumisha, wakasikiliza pamoja, kisha wakaikwangua nta kwa kisu hata ing'are, wakarudia. Mche ulizidi kuwa mwembamba. Alawiya alikuwa mwalimu mkali.

"Hapo."

"Wapi?"

"Hapo uliponikanyaga. Vuta pumzi na wewe, kana kwamba ndiwe uimbaye."

Kuna siku Yeslam alikasirika akaliweka gambusi chini, na kuna siku alijisikia akiparamia ubeti kwa pupa hata akacheka mpaka machozi. Wiki ya tatu, gambusi na ile sauti viliisha pamoja. Sindano iliendelea kukwaruza nta tupu, nao wakaiacha ikwaruze.

Mtambo ulipokwenda Lamu, Yeslam alimwendea Kombe. Hakujisifu. "Nijaribu wimbo mmoja tu," akamwambia.

Harusi ilikuwa Majengo, baada ya alasiri. Wanawake walikuwa upande wa pili wa pazia, na Alawiya miongoni mwao. Ubeti wa kwanza ulipoisha, mkono wa Yeslam ulisimama hewani. Alihisi moyo wake ukimsukuma aende. Akavuta pumzi. Kombe akamtupia jicho, naye akavuta yake, ndefu, akaingia. Wimbo ule ulikuwa na beti sita. Kombe aliimba tisa, tatu akizitunga palepale, na watu wakimshangilia.

Walipomaliza, Kombe hakumsifu. Alimshika mkono tu. "Ijumaa ijayo twaitwa Mbaraki. Usichelewe."

Wakati wa kurudi, Yeslam na mkewe walipita vichochoro bega kwa bega. Walipokaribia nyumbani Alawiya akasema kutoka ndani ya buibui lake:

"Ubeti wa tano ulichapuka."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini ule wa sita..."

Alitafuta neno la kuusemea ule wa sita, asilipate. Akamshika mkono wa kanzu, akaushikilia hivyo mpaka mlangoni.