Pasi Nne za Ijumaa

Mwaka wa 1973, Mwalimu Machogu aliamini kwamba umeme wote wa upande ule wa Magwagwa ulikuwa mwanafunzi wake. Alifundisha fizikia katika sekondari iliyokuwa na jenereta, na alikuwa mwalimu wa kwanza kununua pasi ya umeme, dukani kwa Manubhai, Kisii mjini.

Aliipima mbele ya wenzake kwa mita za maabara.

"Volti mia mbili na arobaini, ampea nne. Gawanya, ukinzani ni omu sitini. Zidisha, nguvu ni wati mia tisa na sitini. Fyuzi ya jenereta inahimili ampea kumi. Sasa nani bado anapuliza makaa?"

Mzee Ombui, mwendesha jenereta, alikuna kichwa.

"Na hawa wengine wakinunua, Mwalimu?"

"Tata, mzee wangu, kila pasi ni ampea nne. Nne si ndogo kuliko kumi?"

Walimu walicheka, na Machogu akawashinda wote kwa kicheko. Mwezi haukuisha kabla wenzake watatu hawajanunua pasi zao. Kila mmoja alipiga hesabu yake akapata nne. Machogu alimpa Ombui pasi yake ya makaa, tena kwa hotuba.

Walimu wote wanne walikuwa Waadventista. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, na nguo ambayo haijapigwa pasi itakwenda kanisani na mikunjo yake. Ijumaa moja Machogu alikuwa na haraka kuliko wote, kwa kuwa kesho yake angewekewa mikono awe mzee wa kanisa, heshima aliyoitamani miaka sita. Shati lake jeupe lilikuwa moja tu, na lilikuwa limekunjamana vibaya.

Saa kumi na moja na nusu mkewe, Bochaberi, alichomeka pasi. Wake wa wale walimu watatu, majirani zao, nao wakachomeka. Jenereta ilikoroma, ikaguna, ikanyamaza.

Ombui alikuja na fyuzi iliyoungua mkononi. Ya akiba haikuwepo.

"Zilikuwa pasi nne, Mwalimu," alisema kwa upole, akaenda zake.

Nne mara nne. Mtoto wa darasa la pili angejibu bila kushika vidole. Machogu aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Baba Bitutu, nenda kaombe ile pasi ya makaa," Bochaberi alisema. "Jua bado lipo."

Aende kuomba, baada ya hotuba ile? Alichukua daftari kwanza, akatafuta kosa la jenereta. Alipiga hesabu mara tatu, na mara tatu kosa likawa lake. Alipofika kwa Ombui, mlima ulikuwa umeshameza jua.

"Makaa nimeyamwaga sasa hivi," Ombui alisema. Alisikitika kwa dhati, na hilo ndilo lililomuuma Machogu zaidi.

Kesho yake Machogu alipiga magoti mbele ya kanisa, shati likiwa kama karatasi iliyofungia sukari. Mchungaji na wazee walimwekea mikono kichwani. Mmoja wa wazee hao alikuwa Ombui, na mkono wa shati lake, ulionyooka kama rula, ulitua mbele ya macho ya Machogu.

"Tata," alinong'ona, "ni kumi na sita."

"Najua," Ombui alinong'ona. "Funga macho, tunakuombea."