Ndevu za Mchumaji

Winny, mchoraji, alipopaka ndevu, ndipo kamati ya kituo cha majani chai, karibu na Kiptere, ilipogundua kuwa mchumaji aliyemchora ukutani pao ni mwanamume. Wiki nzima walikuwa wakipita wakimsifu "yule mama". Nao walikuwa na sababu. Kimeli, mchumaji wa hapo aliyechorwa, alikuwa amejifunga nailoni kiunoni kuzuia umande, na kofia ya sufu ilikuwa imemfika kwenye nyusi. Mavazi hayo shambani huvaliwa na wote.

"Futa hizo ndevu," alisema mwenyekiti, Mzee Johana. "Umuwekee hereni. Kwa pakiti ya chai kunakuwanga na mama, kila mtu anajua."

Huo ulikuwa ukuta wa kwanza wa Winny kuchora, na Kimeli mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, kikapu mgongoni, akijitazama.

"Mzee, ni mikono inachuma," Winny alisema. "Mwanaume, mwanamke, haina tofauti."

"Kama haina tofauti, mbona unakataa hereni?"

Watu wakaangua kicheko. Maneno ya Winny mwenyewe yalikuwa yamemfunga.

"Weka tu," Kimeli alinong'ona, macho chini.

Unyonge ule ulimuuma Winny kuliko amri yenyewe. Akachukua brashi, akaichovya kwenye rangi ya manjano.

"Ngoja!" Alikuwa Nyambeki, mchumaji wa siku nyingi, akiita kutoka kwenye foleni ya mizani. "Iko tofauti, Mzee, tena kubwa. Tangu nizaliwe, kila pakiti ni sisi wanawake tumeinama tukicheka, kama kikapu haina uzito. Nani hucheka akichuma kwa mvua? Huyu amekunja uso, unaona kabisa mgongo inamuuma. Wacha na mwanaume ainame, watu wamuone."

Wanawake wakampigia makofi na vigelegele. Johana akajikuna shingo, akaona maji yamezidi unga.

"Haya, wachana na hereni."

Winny alicheka mpaka machozi yakamtoka, hasa kwa kuwa aliyemwokoa alikuwa amempinga na yeye pia. Kimeli hakucheka. Alitua kikapu, akatoa simu, akampigia mamake kule Kapkatet.

"Mama," alisema, "kuja Kiptere. Kuja unione."