Hatua Saba za Kuosha Mashine ya Unga

Mimi sipendi kazi ya ovyo, na kiwandani kila mtu analijua hilo. Ndiyo maana wiki ya kiwanda chetu cha mikate, yaani zile kurasa za kwenye kompyuta ambazo mfanyakazi yeyote anaweza kuziandika na kuzirekebisha, ilikuwa inanikera. Mambo yote yalikuwamo, lakini mgeni akiingia anatangatanga humo mpaka anakata tamaa.

Nikatengeneza njia. Unaandika ukurasa mmoja wa orodha, na chini ya kila ukurasa uliotajwa humo vinatokea vitufe viwili, Nyuma na Mbele, kwa kufuata mpangilio wa orodha. Mtu kazi yake ni kubonyeza Mbele tu. Njia ya kwanza ilikuwa ya kuosha mashine kubwa ya kukandia unga, ile ambayo mtu anaingia mzima mzima. Hatua saba: ya kwanza Zima Umeme, ya pili Weka Kufuli kwenye swichi asije mtu akaiwasha, ndipo mengine yafuate. Fundi Mkuu, ambaye kumtoa neno la sifa ni kazi kama kumng'oa jino, alisema ni nzuri. Nilivimba kichwa, sifichi.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alianza kazi Jumatatu. Nafasi hiyo nilimwombea mimi, na mama mkwe alinisihi nimtunze kama mboni ya jicho. Nikampa kishikwambi, nikamwambia afuate njia, asihangaike kuuliza watu, maana wa pale ukiwauliza swali wanakujibu kwa dharau.

Saa nne asubuhi mwendesha mashine akapiga ukelele. Nilimkuta amekaa sakafuni. Alikuwa ameshanyoosha kidole kuiwasha mashine, akaona kisigino cha mtu ndani yake. Taa ya kijani inawaka, umeme upo, na kufuli limening'inia kwenye msumari wake.

Jamani, nilimvuta wifi kwa mikono miwili, unga umemjaa mpaka kwenye kope, na badala ya kumkumbatia nikamfokea. Kwa nini hakuzima umeme? Akasema hajafika huko, akanionyesha kishikwambi. Alikuwa kwenye hatua ya nne, Kwangua Unga. Zima Umeme ilikuwa ya saba, ya mwisho kabisa.

Mtu kaichezea njia yangu! Nilichemka. Wiki inaweka kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyelifanya, basi nikamtaka Fundi Mkuu aite watu wote mbele ya kompyuta, huyo muuaji tumwanike mchana kweupe. Nikaapa kwamba ama zake ama zangu, hatutafanya kazi chini ya paa moja. Fundi Mkuu akashauri tuangalie kwanza sisi wawili. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na watu walipokusanyika kumbukumbu nikaifungua mwenyewe.

Badiliko lilikuwa moja tu, la Ijumaa saa kumi jioni. Jina lilikuwa langu.

Nilisoma mara tatu. Kisha ikanijia. Ijumaa ile nilipitia orodha zote zilizomo kwenye wiki, arobaini na ushei, nikazipanga kwa alfabeti ili zipendeze, moja baada ya nyingine, chapuchapu niwahi nyumbani. Na hii nikaipanga. Fungua Kifuniko ikaja juu, Ingia Ndani ikafuata, Weka Kufuli na Zima Umeme zikashuka chini. Wala sikukumbuka kwamba njia inafuata orodha, mimi niliyeitengeneza.

Watu wote walikuwa wanasoma jina lile. Nilitamani wanitukane. Mwendesha mashine alikuwa bado ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

Wifi alikuwa nyuma yangu, anajifuta uso kwa kanga ya kiunoni.

"Niliona Kausha imetangulia Kwangua," alisema taratibu. "Nikajua hapa pana kosa. Nilitaka nimuulize Fundi."

"Sasa mbona hukumuuliza?"

"Juu ya njia pameandikwa jina lako, wifi. Nikasema wewe huwezi kukosea, nikaendelea."