Jitu la Moto Kabla ya Moto

Saa tatu asubuhi, Alhamisi moja ya mwezi wa Mei mwaka 1975, Chausiku Semboja alimaliza kupalilia ngwe yake kabla ya wenzake wote wa darasa la saba. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Katika shamba la pamba la shule Chausiku alikuwa mtu wa katikati. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na haraka.

"Hee! Kobe leo kala nini?" Mbwana aliuliza bila kuinua mgongo.

"Kiberiti kimewaka," mwingine akadakia, na kicheko kikapita mstari hadi mstari.

Kiberiti ndilo jina walilompa. Mwaka uliotangulia, watu walipoagizwa kuacha mashamba yao ya ndani na kuja kujenga pamoja kando ya barabara, baba yake, Semboja, ndiye aliyewaongoza mgambo waliochoma nyumba za waliokataa.

Aliyemaliza kwanza alikuwa na haki moja. Alisimama mwisho wa shamba na kuendeleza hadithi pale ilipoachwa, wengine wakisikiliza huku majembe yanakwenda. Kila sehemu ilikuwa na wimbo wake. Wenzake wakiuitikia, sehemu hiyo imekubaliwa. Wakinyamaza imetupwa, na atakayefuata kumaliza ngwe atasimulia yake. Utaratibu huo uliletwa na Mwalimu Agripina, mwenyeji wa Vugiri, ambaye alikuwa ameona kwamba penye hadithi palizi huisha upesi. Sasa alikuwa amewatangazia kuwa hadithi hiyo, kwa namna yoyote itakayoishia shambani, wataicheza mbele ya kijiji kizima siku ya wazazi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Jitu la Moto. Lilipita nchi nzima likimeza nyumba, na kila lilipofika mlangoni liliimba, "Toka, toka, nipite!" Hapo shamba lote liliitikia, "Hatutoki, ni kwetu!" Hakuna aliyehitaji kuambiwa Jitu ni nani. Siku iliyopita Mwaija, ambaye nyumba ya bibi yake ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa, alikuwa amelifikisha Jitu ukingoni mwa shimo. Ilibaki kulitumbukiza na kuliteketeza. Mbwana alikwisha kusuka sanamu la nyasi kavu kwa ajili ya siku ya wazazi, akalivika kofia ya kijani iliyofanana na ya Semboja.

Chausiku alitaka jambo moja tu. Alitaka baba yake asichomwe mbele ya kijiji, hata kwa nyasi.

Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa amemkuta baba yake uani akiziba pancha ya baiskeli.

"Baba, kwa nini ulichoma nyumba ya kina Mwaija?"

Semboja alikuwa akikwaruza mpira kwa msasa. Hakuacha.

"Kaka yako Mdoe alifia wapi?"

"Sijui. Mama alisema ni njaa tu."

"Alifia mgongoni mwangu. Mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada, wewe ulikuwa tumboni. Lori la chakula lilikuwa linaishia barabarani, na sisi tulikuwa kule ndani. Nikambeba. Nilipokaribia nikalisikia linaondoka. Nikamshusha ili nipumzike, kumbe mwenzangu alikwisha kwenda zamani."

Alipaka gundi, akaipuliza ikauke.

"Bibi yake Mwaija anayajua hayo?"

"Anayajua. Alikuja msibani."

"Na alipokataa kuhama, ukamchomea."

"Nikamchomea." Akabandika kiraka, akakibana kwa vidole viwili. "Sasa lori likija, linatukuta."

Kisha akaurudisha mpira ndani ya tairi.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo aliegemea mpini wa jembe akaanza. Alisema kwamba kabla halijawa Jitu lilikuwa mtu, tena mtu mwenye mtoto. Mwaka mmoja ardhi ilikauka, na chakula kikawa kinaletwa na ndege mkubwa aliyefunika jua kwa mbawa zake. Ndege huyo alimwaga nafaka mahali alipoona moshi wa nyumba nyingi kwa pamoja. Penye moshi mmoja alipita. Yule mtu aliishi penye moshi mmoja. Akamfunga mwanawe mgongoni, akamkimbilia ndege huku akiimba:

"Ndege, ndege, nisubiri!"

Itikio alikuwa amelisema mwanzoni: "Kaza mwendo, utafika."

Yalisikika majembe tu.

Aliimba mara ya pili. Mwinjuma alitema mate pembeni. "Kaniki ya msiba kavae nyumbani kwenu. Hapa tunalima."

"Yaani sasa tumhurumie?" Mbwana aliuliza. "Kameza nyumba zetu, halafu sisi tumwimbie akaze mwendo?"

"Sikusema mumhurumie," Chausiku alijibu. "Nasema alikotoka."

"Na mtoto je? Alifika?"

"Hakufika. Baba mtu akaenda kwenye shimo la moto, akaomba apewe kinywa cha kuwasogeza watu wakae pamoja, wapende wasipende. Akapewa. Lakini kinywa hicho kilikuwa hakijui kusema neno jingine ila toka."

Mtu alicheka kidogo, akaacha. Mwaija alikuwa bado na hatua chache kumaliza ngwe yake. Aliendelea kung'oa magugu huku ameinama. Chausiku aliimba mara ya tatu, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Kaza mwendo, utafika," Mwaija akaitikia, kavu, kama mtu anayejibu mahudhurio.

Mbwana alisimama wima. "Mwaija! Wewe tena?"

"Yule mtoto bibi ndiye aliyemwosha," Mwaija alisema. "Alinisimulia. Alikuwa mwepesi hata maji yalikuwa yanamsukuma."

Chausiku aliimba tena. Safari hii waliitikia wengi. Mwinjuma hakuitikia.

Mwaija alimaliza ngwe yake, akaja kusimama pale aliposimama Chausiku, bila kumtazama.

"Jitu halitachomwa," alisema. "Lakini msidhani nimelisamehe. Kuna bibi mmoja ana maneno yake, na litayasikia yote."

"Na nyasi zangu?" Mbwana alilalamika.

"Katandike kitandani kwenu."

Siku ya wazazi uwanja wa shule ulijaa. Semboja alikaa kwenye benchi la viongozi, mstari wa mbele. Mbwana ndiye aliyecheza Jitu, bila kofia ya kijani. Mwalimu Agripina aliichukua asubuhi na kuifungia kabatini. Wimbo wa ndege ulipofika, wanafunzi waliitikia, na baadhi ya akina mama wakadaka itikio kutoka pembeni. Uso wa Semboja ulibaki ulivyokuwa.

Kisha Mwaija aliingia amejifunga kanga ya bibi yake. Alisimama mbele ya Jitu, akaanza kutaja vilivyokuwa ndani ya nyumba ya bibi huyo. Mkeka mpya ambao haujalaliwa. Kinu cha mama yake. Mlango wa mninga aliouchonga mume wake kabla hajafa. Kuku aliyekuwa analalia mayai.

Hapo Semboja alisimama.

Mbwana alirudi nyuma hatua moja. Wote walijua kwamba akinyoosha mkono, mchezo umekwisha. Chausiku, katikati ya waimbaji, alishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu naye. Ulikuwa wa Mwinjuma, naye hakuutoa.

Mwaija aliliacha Jitu, akageukia benchi.

"Mbegu za mahindi," alisema, "zilizotundikwa juu ya jiko, za msimu uliokuwa unakuja. Chungu alichoachiwa na dada yake. Na kanga ambayo nilikuwa nimewekewa mimi, nikikua."

Semboja hakunyoosha mkono. Wala hakuvua kofia. Alisimama juani, mikono imeshuka, mpaka Mwaija alipomaliza kutaja. Kisha akakaa.