Kibao cha Thelathini

Siku kibao cha mwendo wa thelathini kiliposimikwa mbele ya kibanda chake, fundi cherehani alipiga vigelegele mpaka uzi ukamkatikia. Si masihara! Barabara ile magari yalipita kana kwamba yamefumaniwa, na ng'ambo yake ndiko mama mkwe wake alikokwenda kila asubuhi kumjulia hali dada yake mgonjwa. Macho ya bibi yule yalishaanza kuingia ukungu, lakini kushikwa mkono hataki. "Mimi si mtoto," husema, na akisema amesema.

Mkubwa wa mji alikuja, akakata utepe, akapigwa picha kaukumbatia mlingoti. Na kweli, wiki nzima madereva walishika adabu. Bibi akazoea: anainua fimbo, magari yanapunguza mwendo, naye anavuka taratibu huku akiwapungia mkono. "Mkwe wangu, watoto hawa wamefundwa," akasema.

Jumatatu wakaja vibarua wawili na sururu. Wakaking'oa kibao, wakakitupa kwenye gari.

"Jamani, mnakipeleka wapi?" fundi akatoka mbio.

"Mtaa wa pili, dada. Mkubwa anazindua kesho," mmoja akajibu akijifuta jasho. "Kipo hiki hiki kimoja. Kinazunguka."

Kinazunguka! Fundi alishikwa na kichefuchefu cha kweli, kile cha kukuta nzi kwenye chai uliyokwisha kuinywa nusu. Kumbe yote yale yalikuwa mapambo ya picha! Watu wazima na vitambi vyao, wanatembeza uhai wa watu mtaa kwa mtaa kama viti vya kukodi! Akatema mate chini. "Ptu! Hamna haya. Hata ya kusingizia hamna!"

Alikuwa bado anawashushua, barabara kaipa kisogo, breki zikalia.

Bibi alikuwa amekaa kitako katikati ya lami, fimbo imevunjika chini ya tairi. Dereva akashuka, hofu yake imegeuka ukali. "We bibi, huoni?"

"Naona kivulivuli," bibi akajibu, akipapasa kutafuta fimbo yake. "Lakini wewe mwanangu, mwenye macho mazima, kibao hukukiona?"

Dereva akageuka kutazama. Palikuwa na shimo na udongo mbichi. Vibarua wakainamisha vichwa. Fundi akapiga magoti kumwinua mkwewe.

"Mkwe wangu," bibi akasema, "hebu mwonyeshe."